Barua ya wazi: mhuri wenu umekaa juu ya tarehe

Kwa wakuu wa taasisi za umma, wakuu wa vitengo vya TEHAMA, maafisa habari, na kipekee kabisa wewe kijana unayepandisha matangazo kwenye tovuti ya ofisi Ijumaa saa kumi jioni huku begi liko begani,

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo.

YAH: MATANGAZO YA UMMA KUWEKWA MTANDAONI KAMA PICHA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza kiofisi ili isije ikasemwa sijui taratibu, ila kuanzia hapa naomba niongee ninavyoongea, maana nikisema niendelee na "napenda kuchukua nafasi hii adhimu" tutakesha.

Mimi sioni. Mtaani kwetu Kihonda hapa Morogoro wananiita kipofu na sigombani nao, kwenye fomu zenu naitwa mtu mwenye ulemavu wa kuona, napo sawa. Ni presha ya macho, ilinianza nikiwa chuo mwaka wa pili, pembeni kukawa kama kuna pazia mtu analisogeza kidogo kidogo, mi najua ni uchovu wa kusoma usiku, kuja kufika hospitali naambiwa kilichoondoka hakirudi. Miaka tisa sasa. Siandiki kuomba pole, pole nimepewa nyingi mpaka nyingine nimezigawa. Naandika kwa ajili ya kitu kidogo ambacho mnaweza kukirekebisha kesho asubuhi kabla ya chai ya saa nne na wala hakihitaji kikao wala posho.

Kwanza niwaambie ninavyosoma, maana nimegundua wengi mnadhani sisi wote tunasoma nukta nundu, zile za kupapasa kwa vidole, au tunasubiri mtu atusomee. Mimi nasoma kwa masikio. Kwenye laptopu nina programu inaitwa NVDA, kazi yake ni kuchukua maandishi yaliyopo kwenye skrini na kuyasema. Haiuzwi, ni ya bure, aliianza jamaa wa Australia anaitwa Michael Curran mwaka 2006, naye haoni, baadae akaungana na mwenzake James Teh ambaye naye haoni, maana programu za namna hii wakati huo zilikuwa zinauzwa bei ambayo unaweza kununua kompyuta nyingine na chenji ikabaki. Ndani yake kuna sauti inaitwa eSpeak, ndogo sana, ya chuma chuma hivi, na Kiswahili inakijua. Kwenye simu natumia TalkBack ya Android, kazi yake ni ileile. Na wanaopenda sauti tamu wametengenezewa, Microsoft wana sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na mbili za Kenya, Zuri na Rafiki, Rehema anavyosoma unaweza ukataka kumkaribisha chai. Ila kwa kazi mi natumia ile ya chuma kwa sababu inavumilia spidi. Mke wangu anasema nikisikiliza ni kama nyuki waliokorofishwa kwenye mzinga, yeye haambulii hata neno moja, mi nasikia kila kitu mpaka koma.

Na Kiswahili jamani kwa mashine ni mteremko. Kiingereza inabidi mashine ifundishwe kwamba hili linaandikwa hivi ila linatamkwa vile, Kiswahili unatamka ulichokiona, mkazo unauweka silabi ya pili kutoka mwisho, kazi imeisha. Labda neno kama barabara ndo linasumbua kidogo, maana ile ya kupita magari na ile ya "sawasawa" mkazo haukai sehemu moja, lakini hapo hata sisi watu tunategemea aliyeongea anamaanisha nini. Kwaiyo mashine ipo, sauti ipo, lugha imekubali, mimi nipo na eafoni zangu. Yanakosekana maneno. Na maneno mnayo nyie, mmeyafungia ndani ya picha.

Ngoja niwape kisa.

Mwaka juzi kuna ofisi moja ya umma, jina nalihifadhi, ilitangaza nafasi za kazi na mojawapo ilikuwa ya msaidizi wa kumbukumbu, kitu nilichokisomea kabisa. Rafiki yangu akanirushia linki WhatsApp saa tatu usiku. Nikavaa eafoni, nikashusha faili, nikafungua, nikasikiliza. Kimya. Nikafunga nikafungua tena. Kimya, alafu mashine ikaniambia ukurasa ni mtupu. Nikaenda wa pili, mtupu. Kurasa sita zote tupu. Kwa mwenye macho pale kulikuwa na nembo, maandishi, majedwali, saini na mhuri wa zambarau, mimi mlikuwa mmenitumia karatasi nyeupe sita.

Sasa NVDA ina ujanja mmoja, ukibonyeza vitufe fulani inaiangalia ile picha na kujaribu kukisia herufi zilizomo. Nasema kukisia. Karatasi ikiwa safi na imeskaniwa ikiwa imenyooka, inapata pata. Ile ilikuwa imelala upande, nadhani aliyeskani aliisukuma kwa mkono. Ikaanza, "nafasi za kazi", vizuri, "sifa za mwombaii", si mbaya, ilipofika kwenye jedwali ikachanganya safu zote kama mtu anayesoma magazeti mawili kwa mpigo, dereva, mbili, msaidizi wa kumbukumbu, leseni daraja, cheti, moja. Nilirudia hapo labda mara nane kuchambua kipi ni cha nani. Mwishoni ikasema mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 19. Nikarekodi kwenye simu, tarehe 19. Nikatafuta vyeti, tarehe 16 nikaenda kwa wakili kuthibitisha nakala, tarehe 17 mchana nikatuma, nikakaa zangu nje na chai ya rangi najisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza maishani sijasubiri siku ya mwisho.

Mwisho ilikuwa tarehe 14.

Mdogo wangu ndo alikuja kuligundua, alikuja wikiendi nikamwambia hebu niangalizie lile tangazo, akalifungua, akakaa kimya kidogo alafu akasema "kaka, hapa kwenye tarehe wamegonga mhuri". Akaikuza picha. Ule mduara wa mhuri ulikuwa umepita juu ya ile nne ukaufunga mdomo wake, ikawa tisa. Yeye mwenyewe mwenye macho mazima mara ya kwanza alisoma tisa. Akaendelea kushuka mpaka chini kabisa akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kuweka hasira, akanisomea mstari wa mwisho ambao mashine ilikuwa imeuruka kabisa.

"Waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi."

Nikamwambia rudia. Akarudia.

Sijawahi kudai kwamba ile kazi ningeipata, tuelewane hapo. Huenda kulikuwa na watu wenye sifa kunizidi na ningeachwa kwenye usaili kama wengine. Ila ningependa niachwe kwenye usaili.

Nimelifikiria sana lile tangazo na kuna kitu mpaka leo kinaniwasha. Lile tangazo lilizaliwa likiwa maandishi. Kuna mtu pale ofisini kwenu, labda dada wa masjala labda katibu muhtasi, alikaa akalichapa kwenye kompyuta herufi kwa herufi, na kwa muda ule lilikuwa zima kabisa, angenitumia lile faili dakika ile ningelisikia lote kuanzia kichwa mpaka cheo cha aliyesaini. Alafu likaprintiwa. Likapelekwa ndani kwa mkuu likasainiwa. Likagongwa mhuri. Likapelekwa kwenye mashine ya kuskani iliyopo koridoni, likarudi kwenye kompyuta ileile lilikotoka ila sasa sio maandishi tena, ni picha ya maandishi. Mmemchukua mtu anayeongea, mkampiga picha, alafu mnaniletea picha mnaniambia haya muulize. Mmetumia wino, karatasi, umeme na nusu siku ya watu watatu ili kitu kilichokuwa kinasomeka kisisomeke.

Na mkiwa mnasema hakuna sheria inayowabana, ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 (mashine yangu hapo inasoma "na tisa ya", nimezoea, kama nilivyozoea Mhe. kusomwa "mhe" kama mtu anayesafisha koo) inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Kila mwaka mnaulizwa hiyo asilimia 3 iko wapi na kila mwaka jibu ni kwamba hawaombi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nchi yetu iliuridhia 2009, ibara ya 21 inataka habari za umma zitufikie kwa namna tunayoweza kuitumia, kwa wakati, na bila gharama ya ziada. Hayo maneno mawili ya mwisho naomba nikae nayo kidogo.

Kwa wakati, nimeshawaambia, tarehe 14.

Gharama ya ziada ni hivi. Tangazo likiwa picha na mashine imeshindwa, na nyumbani hakuna mtu, natembea mpaka steshenari ya pale stendi. Pale kuna kijana mzuri tu, simlaumu, ila ana foleni, kuna mtu anataka kuprinti, mwingine anataka pasipoti saizi, na mimi nimesimama nataka kusomewa kurasa sita. Anasoma haraka anaruka, "eeh hapa wanasema vigezo vya kawaida bro". Vipi hivyo? "Si ndo vilevile vya siku zote." Namwambia soma hivyohivyo vya siku zote. Anasoma anavuta pumzi. Namlipa buku. Siku nyingine ilikuwa ni majibu yangu ya maombi fulani, barua yenye jina langu, namba ya kitambulisho na sababu za kukataliwa, nayo iliwekwa kama picha, akaisoma kwa sauti watu sita wamesimama nyuma yangu. Wakati naondoka mama mmoja akanishika bega akaniambia Mungu atafungua njia nyingine mwanangu. Alikuwa na nia njema kabisa. Ila mi sikuwa nimemwambia kwamba njia imefungwa.

Alafu bando. Hili ni la wote, hata wenye macho. Lile faili la kurasa sita lilikuwa na MB 11. Mdogo wangu alinisomea lote nikalichapa mwenyewe kama maandishi ya kawaida nione, KB 15 hivi. Zaidi ya mara mia saba. Mtu yuko Ulanga huko mtandao unapanda na kushuka, anakaa juu ya jiwe ananyoosha simu asubiri MB 11 zishuke ili asome habari ambayo ingemfikia kama meseji mbili tatu za WhatsApp.

Haya, kuna jambo la pili nalo ni la kijana wa IT peke yako, wakuu mnaweza kutangulia chai. Fungua kodi (code, sio ya TRA) ya tovuti ya ofisi yako, pale juu kabisa mstari wa kwanza wa pili, utakuta pameandikwa lang="en". Ilikuja na ile templeti mliyonunua na hakuna aliyeigusa. Hiyo inaiambia mashine yangu kwamba ukurasa huu ni wa Kiingereza. Na mashine ni mtiifu kuliko mwanajeshi, inaiweka pembeni sauti ya Kiswahili niliyoichagua mimi mwenyewe, inamleta Mzungu, na Mzungu anaanza kusoma Kiswahili chenu. Unajua "pole" inakuwaje? Inakuwa poul. "Wake" inakuwa weik, "pale" inakuwa peil. Siku moja nasikiliza habari za mradi wa maji nasikia Wilaya ya Seim, Seim, Seim, nikawa najiuliza ni wilaya mpya imegawanywa lini, kumbe ni Same, Same ya Kilimanjaro hii hii ya tangawizi. Naweza kuzima hicho kitu kwenye mipangilio ndio, ila nikizima, nikienda kwenye ukurasa wa Kiingereza kweli nako nasomewa kwa matamshi ya Kiswahili, basi siku nzima nawasha nazima kama swichi ya bafuni. Futa en, andika sw. Herufi mbili. Sijui kama kuna kazi ya IT ndogo kuliko hiyo.

Mengine nayapita haraka. Batani zisizo na majina, nasikia "batani, batani, batani" kama kondakta anayeita abiria, ya kutuma ni ipi na ya kufuta ni ipi najua baada ya kubonyeza. Zile picha kubwa za juu zinazojibadilisha zenyewe za mkuu akikata utepe, kwangu zinasomwa kwa jina la faili, yaani WhatsApp Image, mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, sijui nani kakata utepe gani wapi ila muda wa picha naujua mpaka sekunde. Na kapcha, zile herufi zilizopindapinda za kuhakikisha wewe sio roboti. Mi nimeshashindwa kuthibitisha kwamba mimi sio roboti mara nyingi mpaka nikamwachia mtu baki akaunti yangu na nywila yake anisaidie kuingia. Mkurugenzi wa usalama wa mtandao kama unasoma, hilo ndo zao la kapcha yako.

Najua mtajibu nini kwa sababu nilishapiga simu. Afisa mmoja aliyepokea alikuwa muungwana sana, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia "kaka nakuelewa, ila mhuri ndo unaonyesha tangazo ni halali, tukiweka maandishi matupu matapeli watayabadilisha". Nililala nalo hilo jibu kwa sababu sio la kijinga. Matapeli wapo, matangazo feki ya ajira yapo kila siku. Lakini kaka yangu, hao matapeli si ndo wanayaweka yakiwa na mhuri? Mtu na simu yake anakata mhuri kwenye picha moja anaubandika kwenye nyingine, dakika tano. Mhuri wa kwenye picha unamlinda nani? Kinachoonyesha tangazo ni lenu ni kwamba limekaa kwenye tovuti yenu, kwenye anwani inayoishia na go.tz ambayo tapeli hawezi kwenda tu kununua dukani. Na hata hivyo sijasema mfute mhuri. Uacheni. Mkuu aendelee kugonga, najua raha yake. Wekeni vyote viwili, ile picha yenye mhuri, na chini yake maandishi yenyewe, yaleyale aliyoyachapa yule dada. Hiyo kazi imeshafanyika, mshahara wa kuichapa umeshalipwa, faili lipo kwenye kompyuta yake mpaka saa hii.

Jibu la pili huwa ni la uchache. Mpo wangapi jamani wasioona mnaoingia kwenye tovuti. Hapo naomba niwapeleke kwa mama mwenye nyumba wetu, ila kwanza nimalize la ufundi.

La ufundi ni jepesi. Kama mnataka PDF, usiprinti ukaskani, nenda kwenye faili, hifadhi kama, chagua PDF, imetoka na maandishi yake yote mazima. Vichwa vya habari usivikuze kwa mkono tu ukaviwekea wino mzito, tumia ile sehemu ya Word ya vichwa vya habari, kwa sababu nyie mnaupitia ukurasa kwa kutupa jicho na mimi natupa kidole, nabonyeza H naruka kichwa mpaka kichwa, kama havipo inabidi nisikilize kurasa zote arobaini kutafuta aya moja. Ukibandika bango Instagram kuna sehemu ya kuandika maelezo ya picha, ipo tangu 2018, au andika tu yote kwenye maneno ya chini, tarehe, mahali, namba ya simu, usiniandikie "soma bango hapo juu" ukaweka na vikatuni vya moto. Na kama hujui tangazo lako ni zima au ni picha, usinitafute mimi, bofya neno moja mara mbili. Likipakwa rangi peke yake, nitalisikia. Ukibofya ikapakwa karatasi nzima au isipakwe chochote, umenitumia karatasi nyeupe.

Sasa mama mwenye nyumba. Ana miaka sitini na kitu, anauza maandazi asubuhi, macho yake anasema ni mazima ila herufi za simu siku hizi wamezipunguza. Miwani ilikaliwa na mjukuu mwezi wa kwanza, mwezi wa kwanza wa mwaka gani sijauliza. Shule aliachia darasa la nne. Ni mtu wa redio, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ukimsemesha anakunyamazisha kwa mkono, mimi ananigusa begani kwa kuwa mkono siuoni. Siku moja amenikuta barazani na nyuki wangu akaniuliza, "mwanangu, hicho kisauti chako hakiwezi kunisomea na mimi?" Nikamwambia kinaweza mama, tena cha kwako tutakiweka taratibu. Nikamuwekea kwenye simu yake kile kitu cha kugusa maandishi simu ikasoma. Akajaribu meseji ya mwanae wa Kahama, ikasoma. Akajaribu ya mtandao wa simu ya ofa ya bando, ikasoma. Alicheka yule mama, akaita na jirani. Wiki ile nzima ikawa ukipita mlangoni unasikia simu inamsomea, na yeye anaijibu, "ehe", "eti?", "mwongo huyo".

Alafu siku ya siku kwenye grupu la mtaa likaingia tangazo la kukatwa kwa maji, ofisi siitaji, siku ngapi na mitaa ipi. Picha. Karatasi imelala kwenye meza imepigwa na simu, kivuli cha mkono kipo, mjukuu ndo alinielezea. Mama akagusa. Simu kimya. Akagusa tena kwa nguvu kama anabonyeza embe.

"Mbona hii imekataa?"

Nikamwambia hiyo ni picha mama.

"Picha ya nini?"

Ya maneno.

Akanyamaza. Nilisikia anaisogeza simu karibu na uso, alafu anaipeleka mbali, alafu karibu tena.

"Sasa maneno wanayapigia picha ya nini?"

Nikamwambia sijui mama, ngoja niwaulize wenyewe.

Nimewauliza. Jibu naomba mlichape.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu wa Kihonda, Morogoro

NB: Barua hii haijagongwa mhuri. Kama ni lazima nitauleta kwa mkono, mniambie tu niugonge wapi, ila kwenye tarehe hapana.